Ncha ya Anga Iko Nyuma ya Mkorosho

Tak.

Chuma kimegusa chuma. Stendi imesawazishwa kwa pima maji, maunti (kifaa kinachobeba darubini na kuizungusha kufuata nyota) imekazwa, darubini iko juu na uzito wa mizani unaning'inia chini yake. Injini inaanza kuzungusha, na kabla mhimili haujaenda popote, fimbo ya uzito imegonga mguu wa stendi. Injini inaendelea kuvuma. Mhimili umesimama. Kuanzia hapo programu inaamini darubini inatazama Nge, kumbe inatazama paa la jirani.

Aliyenunua maunti hiyohiyo akaifunga Cape Town hatasikia mlio huo. Wa Lindi atausikia usiku wa kwanza.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilizungusha swali moja kichwani: mpenzi wa picha za anga aliye Mtwara au Lindi, mwenye fedha ya kitu kimoja kikubwa mwaka huu, aanze na nini? Darubini kubwa zaidi? Kamera yenye upoozaji? Au ajenge kibanda chenye paa la kusukuma na kila kitu kikae humo mwaka mzima? Miongozo ya mtandaoni ina majibu mengi, na si mabaya. Ila imeandikwa na watu walio nyuzi 35 hadi 55 kutoka ikweta, na huko mkorosho haupo.

## Mhimili uliolala

Kilwa Masoko iko karibu nyuzi 8.9 kusini mwa ikweta, Lindi nyuzi 10, Mtwara 10.3, Masasi 10.7, Newala 10.9. Namba hiyo ndiyo kimo cha ncha ya kusini ya anga, nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka na ambayo maunti lazima iilenge, juu ya upeo wa macho, na ndiyo pembe ambayo mhimili mkuu wa maunti unatakiwa kuinuka. Yaani mhimili wetu karibu umelala chali.

Mhimili ukilala, fimbo ya uzito inayokaa mraba nao inashuka karibu wima kuelekea ardhini, ikikwepa wima kwa nyuzi 10 tu. Kwenye nyuzi 45 fimbo hiyo ingechomoza mbele, mbali na miguu ya stendi. Kwetu inateremka kandokando ya mguu wa kusini, na mguu huo nao unazidi kutanuka kadiri unavyokwenda chini. Lazima vikutane.

Wengi huzungusha stendi ili miguu miwili itanuke kusini na fimbo ipite katikati yao. Inafanya kazi, lakini ina gharama. Mhimili ukiwa umelala, uzito wote wa darubini na mizani unaegemea upande wa kusini, na sasa hapo hakuna mguu wa kuubeba. Upepo wa kusi ukivuma, mfumo mzima unatikisika. Afadhali kipande cha nguzo cha sentimita 15 hadi 20 kinachowekwa kati ya stendi na maunti, mguu mmoja ukabaki palepale kusini. Afadhali zaidi ni kuachana na stendi, na hilo nitalifikia.

Kabla ya kulipa, soma namba moja kwenye maelezo ya maunti: pembe ya chini kabisa ambayo skrubu ya mwinuko inafika. Ziko zinazoishia nyuzi 10, ziko zinazoishia 15. Ya kwanza itakuacha ukingoni Lindi na itakukatalia Kilwa. Ya pili si ya kutupa, ila itabidi uiinamishe yote kuelekea kusini kwa nyuzi 5 zinazopungua. Bamba la juu la nguzo likiwa na upana wa sentimita 20, nyanyua ukingo wake wa kaskazini kwa milimita 17.5 kwa nati na washa, basi. Kipimo kilichochorwa ubavuni mwa maunti kitasoma 15 ilhali mhimili uko 10. Usikijali.

Siku hizi kuna maunti za gia ya hamoniki ambazo hazihitaji uzito wa mizani kwa darubini ndogo. ZWO AM5, kwa mfano, inabeba kilo 13 bila uzito wowote na pembe yake inaanzia nyuzi 0. Kwa pwani hii ni vifaa vya maana kuliko vinavyosifiwa huko ng'ambo, kwa sababu vinaondoa kabisa ugomvi wa fimbo na mguu. Tatizo lake ni kwamba gia hiyo ina makosa makubwa ya mzunguko, kwa hiyo bila kamera ya kuongoza, yaani kamera ndogo ya pili inayoitazama nyota na kusahihisha mwendo kila sekunde moja au chini ya hapo, nyota zitakuwa vijiti.

## Nyota ya 5.4

Kaskazini wana nyota angavu karibu na ncha yao. Sisi tuna Sigma ya kundi la Thumni (Octans), yenye mwangaza wa daraja 5.4 (namba ikikua, nyota inafifia), umbali wa takriban nyuzi 1 kutoka kwenye ncha. Jangwani, ikiwa juu, mtu mwenye macho mazuri anaiona.

Kwetu iko nyuzi 10 juu ya upeo.

Kwenye kimo hicho nuru inapita katika hewa nene zaidi ya mara 5 kuliko ya utosini. Hewa ya pwani yenye unyevu inaila kwa zaidi ya daraja moja, na nyota inatoka kabisa kwenye uwezo wa macho. Darubini ndogo ya ncha iliyo ndani ya maunti inaweza kuikamata usiku safi sana, ikiwa hakuna kilichosimama mbele. Na mara nyingi kipo. Jicho likiwa meta 1.5 juu ya ardhi, mkorosho wa meta 8 ulio meta 37 kusini yako unagusa ncha. Mnazi wa meta 20 unaifunika hata ukiwa meta 100. Nani Mtwara ana meta 100 za uwazi kusini mwa nyumba yake?

Hata anayeiona nyota hiyo hajamaliza. Hewa inapinda nuru, na kwenye kimo cha nyuzi 10 mpindo huo unafika takriban dakika 5 za pembe (dakika 60 ni nyuzi moja, sekunde 60 ni dakika moja). Ncha unayoilenga kwa jicho iko juu ya ncha ya kweli kwa kiasi hicho.

Dakika 5 ni kidogo? Kila dakika 1 ya pembe ambayo mhimili umekosea inaweza kuteleza nyota kwa sekunde 0.26 za pembe katika kila dakika ya saa. Zidisha mara 5, unapata 1.3. Sasa chukua kamera yenye pikseli za maikroni 3.76 kwenye darubini ya milimita 400: pikseli moja inafunika sekunde 1.94 za pembe (206.265 mara 3.76, gawa kwa 400). Picha ya dakika 2 tayari imeteleza 2.6, zaidi ya pikseli nzima. Kamera ya kuongoza itaishika nyota ya katikati, lakini zile za pembeni zitaizunguka polepole.

## Acha kuitafuta

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka, maana kwa muda mrefu nililiona tatizo la ncha kuwa tatizo la kiwanja: kata matawi, panda mnara, hamia ufukweni.

Programu ya N.I.N.A., ambayo ni ya bure, ina nyongeza inayopiga picha tatu popote angani huku ikizungusha mhimili kidogo baada ya kila picha. Inazilinganisha na orodha ya nyota, inakokotoa mahali mhimili unapoelekea, kisha inakuonyesha kosa la kimo na la upande huku wewe ukizungusha skrubu. Haihitaji kuiona ncha. Ina hata mahali pa kuzingatia mpindo wa hewa. Unachohitaji ni anga wazi upande wowote, kompyuta ndogo, na orodha za nyota ulizopakua mapema, kwa sababu ukiwa shamba la Nanyumbu usitegemee bando. Weka majira sahihi na mahali ulipo. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo utakuwa umeiambia mashine uko Ethiopia.

Asiye na kompyuta ana njia ya zamani ya kuangalia nyota inavyoteleza kwenye jicho la darubini lenye msalaba. Miongozo mingi imeandikwa kwa kaskazini na huku mielekeo inageuka, kwa hiyo naiandika kwa ajili yetu. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia, inapokatiza mstari wa katikati wa kaskazini na kusini. Ikiteleza kusini, mhimili umekwenda magharibi mno. Ikiteleza kaskazini, umekwenda mashariki mno. Kisha chukua nyota nyingine ya ikweta iliyo upande wa mashariki. Ikiteleza kaskazini, mhimili uko chini mno. Ikiteleza kusini, uko juu mno. Rudia hadi isiteleze kwa dakika 5.

Kwa wenye vifuatilia-nyota vidogo vya kubebea kamera na lenzi tu: tafuta swichi au mpangilio wa N na S. Kikiachwa kwenye N kinazunguka kinyume, nyota zinatoka na mikia mirefu mara mbili ya ile ambayo zingetoa bila kifaa. Watu hurudisha vifaa dukani kwa sababu ya swichi hiyo.

## Chini ya darubini

Basi jibu la swali langu lilianza kushuka, kutoka kwenye darubini hadi kwenye ardhi. Nguzo moja iliyosimama imara inaondoa mgongano wa mguu, inahifadhi mpangilio wa ncha kutoka usiku hadi usiku, na karibu vyote vinavyohitajika kuijenga viko dukani Lindi mjini.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 80. Kwenye mchanga wa mashamba ya korosho ongeza upana kuliko kina. Ukikuta mwamba wa matumbawe, kama maeneo mengi ya Mikindani, una bahati. Safisha, chokoa, funga nondo ndani yake. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa shimo hilo linachukua mifuko 2 ya saruji ya kilo 50 na baki kidogo. Nondo nne za milimita 12 zenye ringi za milimita 8 zinatosha.

Mchanga usiwe wa baharini.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi inakula nondo ndani ya zege bila kuonekana, na nguzo inapasuka baada ya misimu kadhaa. Fundi akikuambia "tutauosha", mwambie alete wa mtoni.

Juu ya msingi simamisha bomba la chuma la inchi 6, si nguzo nene ya zege. Sababu ni ileile fimbo: kwetu inashuka karibu wima, na nguzo yenye upana wa sentimita 30 itagongwa kama mguu wa stendi ulivyogongwa. Bomba liwe na bamba la chini la milimita 12 lenye mbavu nne za kuchomelea, likazwe kwa bolti nne za milimita 16 zilizopindwa ncha na kuzamishwa kwenye zege kwa sentimita 40. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi cha kushika bolti hizo wakati wa kumwaga, maana zikisogea milimita 5 bamba halitaingia. Mwagia maji siku 7. Usipandishe mzigo kabla ya wiki 4. Bomba lijaze mchanga mkavu. Bomba tupu likiguswa linalia kama kengele na mtetemo huo unaonekana kwenye picha.

Sakafu ya kibanda, kama itakuwepo, isiguse msingi. Acha mwanya wa sentimita 3 kuzunguka, ziba kwa sponji. Vinginevyo kila hatua ya mguu itaandikwa kwenye nyota.

Nguzo haihitaji kunyooka kama ya msikiti. Ikiegemea nyuzi moja, skrubu za maunti zitafidia. Kinachotakiwa ni isicheze.

## Paa, au bila paa

Hapa nilikwama kwa muda mrefu zaidi.

Kibanda cha paa la kusukuma ni kitu cha kuvutia, na hapa ni rahisi kukijenga kuliko inavyodhaniwa. Magurudumu ya geti la kusukuma, yale yenye mfereji, yanakimbia juu ya chuma cha pembe kilichogeuzwa mgongo juu. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti anaijua kazi hiyo. Paa la bati la meta 2.5 kwa 2.5 kwenye fremu nyepesi linasukumwa na mtu mmoja. Lisukumwe kaskazini, ili reli na paa visizibe kusini, ambako ndiko hazina yetu iliko: Mawingu ya Magellan hayapandi zaidi ya nyuzi 27 na 31 hivi, na nebula ya Carina inaishia 40. Ukuta wa kusini na mashariki unaweza kubaki mrefu kiasi kukinga kusi. Kama mhimili uko meta 1.5 kutoka ukutani, ukuta unaoupita mhimili kwa sentimita 55 unaficha tu kilicho chini ya nyuzi 20, na huko chini hewa ni mbovu hata hivyo. Komeo nne, moja kila kona, zishike paa kwenye kuta likiwa limefungwa. Kusi ya Julai haiombi ruhusa.

Mpaka hapo hesabu inakubali. Inayokataa ni hewa.

Usiku wa pwani wenye nyuzi joto 22 na unyevu wa asilimia 90 una kiwango cha umande, yaani joto ambalo chini yake umande unaanza kutua, cha karibu nyuzi 20. Kioo kilichoelekezwa angani kinapoa chini ya joto la hewa, na tofauti ya nyuzi 2 kinaimaliza mapema tu. Unyevu huo ukikaa ndani ya kibanda kilichofungwa, mchana bati linaupika hadi nyuzi 45 au zaidi, usiku unatua tena. Kuvu wanaota kwenye lenzi nyuzinyuzi kama utando wa buibui na kula tabaka la juu la kioo. Chumvi inaingia kwenye bearingi. Skrubu za chuma cha pua zilizokazwa kwenye aluminiamu zinashikamana mpaka kichwa kinakatika; bila grisi ya kuzuia kushikamana usifunge hata moja, na ukipata za daraja la 316, zinazostahimili chumvi kuliko 304, zilipie.

Halafu kuna salfa. Kuanzia katikati ya mwaka mikorosho inapulizwa unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, na wapulizaji hupenda alfajiri tulivu yenye umande, saa zilezile ambazo paa liko wazi. Unga huo unatua kwenye kioo, lakini kwenye kioo unapulizwa kwa mpira wa hewa ukatoka (usiufute kwa kitambaa, utachora). Unapoumiza zaidi ni kwenye shaba na fedha: pini za plagi zinakuwa nyeusi, mawasiliano yanakatika saa nane usiku, na mwenyewe analaumu programu. Uliza majirani ratiba yao ya kupuliza. Kila kebo iliyochomolewa ipate kifuniko.

Wageni wengine ni wadogo zaidi. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya kikinga-umande ukikiacha wazi siku mbili. Sisimizi wanapenda kisanduku chenye joto cha umeme. Mchwa wanapanda mbao za kibanda kutoka chini, kwa hiyo fremu isimame juu ya zege au chuma, si ardhini.

Nilichoishia kukiamini ni hiki: pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, nguzo ibaki nje na vioo virudi ndani. Maunti inaweza kukaa kwenye nguzo chini ya mfuniko wa kitambaa kinachopumua; si nailoni, ambayo inanasa unyevu na kuutunza. Ndani ya mfuniko weka kipashajoto kidogo cha wati 5 hadi 10, kinatosha kuiweka metali juu ya kiwango cha umande. Mpangilio wa ncha unabaki. Darubini na kamera zinatoka ndani zikiwa zimefungwa kwenye reli moja, pamoja na kamera ya kuongoza, zikateleza kwenye kishikio. Alama ya rangi kwenye reli inarudisha mizani palepale. Ndani zinakaa kwenye sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba na nusu kilo ya silika jeli, ile inayobadilika rangi ikishiba, inayokaushwa upya kwenye oveni.

Masasi, Nachingwea, uwanda wa Newala: huko paa la kusukuma lina hoja, kwa sababu chumvi haipo. Ila ukiwa Masasi, usijenge kaskazini ya majabali yale makubwa ya mji. Mchana yanashika jua na usiku yanaachia joto, na nyota za kusini juu yake zinachemka.

## Ampea tano

Kwa umeme, hesabu ya wastani ni hii: maunti ampea 1, kamera na upoozaji wake 2, mikanda ya kuzuia umande 1, kompyuta ndogo 1. Ampea 5 kwa volti 12. Mwezi Juni giza kamili kwetu linadumu karibu saa 10, kuanzia saa 1:25 usiku hadi saa 11:20 alfajiri, kwa hiyo unahitaji ampea-saa 50, yaani wati-saa 600. Betri ya lithiamu ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 inaufanya usiku huo bila jasho, na paneli ya wati 200 inairudisha siku moja ya jua. Betri ya gari ya ukubwa huohuo inaumia ukiishusha chini ya nusu, na nusu ndiyo hiyohiyo unayoihitaji. Hata aliye na umeme wa gridi aendeshe kutoka kwenye betri na kuichaji kwa pembeni. Umeme ukikatika katikati ya picha hatajua.

Kinachosahaulika ni waya. Meta 5 za waya wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zinapoteza karibu volti 0.6 kwenye ampea 5. Betri ikiwa imechoka hadi 12.2, maunti inapata 11.6, na injini zinaanza kukosa hatua wakati wa kuzunguka kwa kasi. Tumia milimita 4, hasara inabaki 0.2.

Kuhusu upoozaji, usifuate nyuzi hasi 20 za watu wa nchi za baridi. Kamera nyingi zinashuka takriban nyuzi 35 chini ya hewa iliyopo. Julai, hewa ikiwa 20, hasi 10 inafikika kwa raha. Januari, hewa ikiwa 26, hasi 10 inaisukuma kamera hadi mwisho wa uwezo na kunyonya betri. Chagua hasi 5, uitumie mwaka mzima, upige fremu za giza (picha za mdomo uliofunikwa, za kuondolea kelele ya kamera) mara moja na kuzitunza. Kelele ya joto inaongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 6 hivi, kwa hiyo tofauti ya hasi 5 na hasi 10 haifiki hata mara mbili. Ambaye kamera yake haina upoozaji kabisa aongeze idadi ya picha fupi, na fremu za giza azipige usiku uleule.

Fremu za mwanga sawa, zile za kusahihisha vivuli na madoa ya vumbi kwenye picha, ni bora kuzipiga kwa bamba la taa. Kuna wanaotandaza kitambaa cha marekani mdomoni mwa darubini wakati wa magharibi, lakini machweo yetu yanakimbia, ukibadilisha kichujio kimoja tu mwanga umeshaondoka.

## Giza ni la wavuvi pia

Kiini cha Njia Nyeupe kinapita nyuzi 71 juu yetu, usiku wa manane wa Juni, katikati ya kiangazi. Ulaya wanakitazama kikiburura tumbo kwenye upeo. Hii ndiyo sababu ya kuvumilia fimbo, chumvi na salfa.

Ila usiku usio na mwezi haukuwekwa kwa ajili ya kamera peke yake. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa katika giza hilohilo, na upande wa bahari unakuwa na mstari wa mwanga mweupe. Ongeza mji wa Mtwara, bandari na kiwanda cha saruji, na kila mmoja ana pembe yake ya anga iliyopauka. Kichujio cha bendi mbili, kinachopitisha nuru ya haidrojeni na oksijeni tu, kinasaidia kwa nebula kama Carina au Lagoon. Kwa Mawingu ya Magellan na vumbi la Njia Nyeupe hakisaidii, kwa kuwa hizo ni nuru za nyota zenyewe, rangi zote, na kichujio kinazikata pamoja na taa.

Aliye Mikindani au Msimbati, basi, asipange kitu cha kuanzia mashariki kikiwa bado chini. Angoje kipite nyuzi 40, apige mpaka kivuke katikati, aache maunti igeuze darubini upande wa pili, aendelee nacho kikishuka magharibi, juu ya mashamba. Na kabla ya hiyo maunti kugeuza yenyewe mara ya kwanza, aizungushe kwa mkono mchana, polepole, darubini ikiwa na kikinga-umande chake chote, aone kama kuna mahali inagusa nguzo.